Nyoosha na Miguu ya Twiga

Jina hilo la Nyoosha alipewa na watoto waliotibiwa kwake. Wazazi walimwita daktari, naye kila siku alikana, "Mimi si daktari, mimi ni mtu wa mazoezi ya viungo," nao wakaitikia, "Sawa, daktari." Watoto hawana adabu za namna hiyo. Walimsikia tangu wakiwa koridoni: "Nyoosha. Nyoosha mguu, mpenzi. Bado, nyoosha tena." Wakaona huyu mtu mzima ana neno moja tu duniani, basi wakamwita kwa neno lake. Hata mumewe, fundi baiskeli, alipolisikia hakulitupa. Mke akirudi jioni mkono kiunoni, alimpokea mlangoni akisema, "Nyoosha, na wewe leo nani atakunyoosha?"

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya hospitali, baada ya maabara, ukishapita stoo ya mashuka. Ndani kulikuwa na godoro la plastiki la buluu lililobanduka pembeni, mipira mikubwa ya kulalia watoto, kioo kirefu, na paipu mbili za chuma zilizokwenda sambamba ili mtoto ajishikilie katikati yake. Kulikuwa pia na ngazi ya mbao isiyokwenda popote. Unapanda, unageuka, unashuka. Kila mtoto mpya alipofika juu aliuliza, "Sasa?" Nyoosha akajibu, "Sasa rudi."

Kazi hiyo ilikuwa imeingia machoni mwake isitoke. Sokoni hakumtambua mtu kwa sura, alimtambua kwa mwendo. Alimwona mwanamke anapita na kapu akanong'ona, "Nyonga ya kushoto ile." Mumewe akamvuta mkono: "Muache mama wa watu anunue nyanya zake." Alikuwa na kiburi kidogo na macho hayo. Aliamini kwamba mwili wa mtoto hauna siri kwake, na kwa miaka mingi hakuna kilichomwambia vinginevyo.

Na kama mtu angemuuliza kazi yake nzima imezaa nini, angenyoosha kidole kwa Twiga.

Twiga alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu. Alizaliwa kabla ya siku zake, akapata utindio wa ubongo, ule unaokaza misuli. Kwake ulishika miguu tu, kichwa kikabaki chepesi na ulimi mwepesi zaidi. Alianza kuletwa angali wa kubebwa kwa mkono mmoja. Nyoosha alimtoa kwenye kutambaa, akamsimamisha kati ya zile paipu, akamvusha hadi kwenye magongo. Siku za kliniki mlango ulipofunguka na Twiga akaingia mwenyewe, gongo, mguu, gongo, mguu, huku mama yake akifuata nyuma na mkoba, Nyoosha aliwanyamazisha wote waliokuwemo: "Tazameni mwendo huo! Tazameni!" Kisha ghafla mtoto akarefuka, miguu kama ya ndama, na jina la Twiga likajileta lenyewe.

Shida ilianzia hapo hapo kwenye kurefuka. Mfupa wa mtoto anayevunja ungo hukimbia mbele. Msuli uliokaza hubaki nyuma ukiburuzwa, na mwisho unalikunja goti ili upate nafuu. Nyoosha alikuwa na kipima pembe, kifaa kama rula mbili zilizofungwa kwa skrubu. Alikiweka kwenye goti la Twiga, akasukuma taratibu, akasoma. Kliniki iliyofuata akasoma tena, goti limerudi nyuma, halinyooki kama mwanzo. Iliyofuata, nyuma zaidi. Daktari wa mifupa alikuja akaminya, akatikisa kichwa.

"Yakiendelea kujikunja hivi," akasema, mbele ya mtoto, "mwakani huyu hasimami tena. Itakuwa kiti mpaka mwisho."

Twiga akatazama dari. Mama yake akatazama sakafu. Nyoosha akamtazama mama.

Maana hesabu kichwani mwake ilikuwa fupi. Alikuwa amemfundisha mama huyu kumlaza mtoto chali, kushika paja, kulinyoosha goti polepole na kulishikilia, asubuhi na jioni. Goti linanyooshwa kila siku halafu linajikunja namna ile? Basi halinyooshwi.

Mama Twiga alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mpole, wa kusema "ndiyo" kabla hujamaliza. Alifua nguo za watu na hakuwahi kukosa kliniki hata moja, jua au mvua.

"Mama Twiga," Nyoosha akaanza daktari alipotoka, "niambie ukweli. Unamnyoosha?"

"Namnyoosha."

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni, daktari. Hata nikiumwa."

"Mbona magoti hayasemi hivyo?"

Mama akayatazama magoti ya mtoto. Nyoosha akaona ule ukimya ndio ushahidi wenyewe, akaendelea, na sauti ikapanda: "Magoti hayajui kudanganya, mama. Watu ndio wanaojua. Mimi nimemwinua huyu mtoto kwa mikono hii, halafu wewe unaniangushia kwa uvivu?"

"Nyoosha," akaita Twiga kutoka kwenye godoro.

"Wewe tulia, naongea na mama yako."

Mama Twiga hakubisha. Aliinama akaanza kumvalisha mtoto viatu, akamwaga machozi ndani ya kiatu cha kushoto, akakipangusa kwa kidole, akamvalisha.

Walipoondoka, mwenzake Nyoosha wa meza ya pili akatua bandeji aliyokuwa akiiviringa. Huyo walimwita Plasta, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua plasta ngumu za kunyooshea miguu, na mwanamume mwenye mzaha kama yeye hospitali nzima haikuwa naye.

"Leo umemchoma mtu," akasema.

"Nimesema kweli."

"Kweli nayo mtu huipoza kidogo kabla ya kumlisha mwenzake."

Nyoosha akamsonya. Usiku huo alilala vizuri tu.

Kliniki iliyofuata iliangukia siku godoro jipya lilipoletwa. Dereva wa lori aligoma kuingia, akasema mlingoti wa geti utamkwangulia bodi. Ikabidi Nyoosha na Plasta watoke nje kulipokea. Kwa kawaida yeye hakuwahi kuwepo getini saa hizo. Huingia alfajiri na kutoka wagonjwa wakishaondoka.

Akiwa ameshika ncha moja ya godoro, akaona kitu kinapanda kutoka bondeni. Kwa mbali hakikueleweka. Kilikuwa na kichwa kimoja kilichoinama hadi karibu na magoti, na juu yake kichwa kingine kilichosimama wima kikitazama huku na huku kama abiria. Pembeni ilining'inia miguu miwili mirefu, viatu vikikwaruza vumbi.

"Kuna mgonjwa anakuja mgongoni," akamwambia Plasta. "Kimbia kalete kitanda cha magurudumu."

"Godoro je?"

"Tupa godoro!"

Lakini Plasta hakukimbia. Alikuwa anatazama. Mbebaji alifika kwenye ukuta wa hospitali, hatua chache kutoka getini, akapiga magoti na kuushusha mzigo wake chini kwa ustadi wa mtu aliyezoea. Akachomoa kwapani kitu kirefu kilichofungwa shuka, akakifungua pindo kwa pindo kama anayefungua sahani za wageni. Yakatoka magongo mawili, yanang'aa. Akayafuta kwa kona ya shuka, akampa yule mtoto, akamkung'uta vumbi la gauni, akamweka sawa kola. Mtoto akasimama. Gongo, mguu, gongo, mguu, akaingia getini kichwa juu.

"Huyo," Plasta akasema polepole, "si Twiga wako huyo?"

Godoro lilimponyoka Nyoosha likaangukia miguu ya dereva, dereva akatukana, yeye hakusikia. Macho yake, yale aliyoyaamini, yalikuwa chini, kwenye ncha za magongo. Mpira wa chini wa gongo la mtoto huisha kama kifutio. Kila baada ya muda mzazi huja kuomba mwingine. Mipira ya Twiga ilikuwa mipya, imenona, bado ina michirizi ya kiwandani. Hakuwahi kuombwa mwingine. Na hakuwahi kutazama.

Aliwafuata ndani kama mtu aliyepigwa ngumi ya kichwa akaambiwa atembee hivyo hivyo. Mama Twiga alikuwa ameshakaa kwenye benchi, mikono mapajani, tayari kugombezwa tena.

"Mama Twiga, leo mtoto anaumwa?"

"Hapana, daktari. Mzima."

"Mbona umembeba?"

"Nambeba siku zote."

"Siku zote kuja huku?"

"Kuja huku, na kurudi."

"Shuleni je?"

"Nambeba hadi kwenye dawati. Mchana namfuata."

"Na nyumbani? Ndani, kutoka kitandani hadi mlangoni, hapo tu?"

Mama Twiga akaanza kumtazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu anayeuliza somo alilolifundisha mwenyewe. "Nambeba, daktari. Chooni nambeba, kuoga nambeba. Si wewe ulisema?"

"Mimi? Nilisema nini mimi?"

"Siku ile mlipomfungua plasta za miguu. Alikuwa mdogo, hata meno ya utoto hayajaanza kung'oka. Wewe ulikuwa na tumbo kubwa, umesimama hapo penye kioo. Ukanishika bega hili." Akaligusa. "Ukasema, 'Mama, nisikilize vizuri. Mtoto huyu asisimame wala asipige hatua kama mimi sipo. Ukimwachia akaanguka utamvunja, na kazi yote itakuwa bure.' Nikasema ndiyo. Na sijamwachia, daktari. Naapa, hata siku moja sijamwachia. Ndiyo maana nilishangaa uliposema mimi mvivu."

Nyoosha akakaa kwenye benchi kando yake.

Nyoosha aliikumbuka siku hiyo. Aliikumbuka kabisa, hadi joto la bega la mama yule. Miguu iliyotoka kwenye plasta huwa laini kama muhogo uliovundikwa. Amri ile ilikuwa ya wiki chache, mpaka mifupa ipate nguvu. Lakini kabla wiki hizo hazijaisha yeye alikwenda kujifungua. Aliyeshika nafasi yake alimkuta mtoto na akamtembeza kati ya paipu, Nyoosha akarudi akamkuta anatembea, akafurahi, akaendelea pale alipopakuta. Magongo yalipofika akamkabidhi mama na kumwambia ayatunze, na mama akayatunza. Kila kliniki aliuliza, "Mazoezi ya nyumbani anafanya?" akajibiwa, "Anafanya." Ni kweli alifanya, kitandani, chali. Hakuna aliyewahi kumwambia mama, lile neno limekwisha.

Miaka tisa.

"Twiga," akamgeukia mtoto, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mbona hukuwahi kusema?"

"Kusema nini?"

"Kwamba nyumbani hutembei."

Twiga akamtazama, akamtazama mama yake, akahisi pana jambo. "Kutembea si ni kwa huku?" akauliza. Alisema kama mtu anavyosema sindano ni kwa hospitali na mahubiri ni kwa kanisa au msikiti. Magongo, sakafu laini, kioo, Nyoosha wa kushika kiuno, yote hayo yalikuwa kitu kimoja, dawa moja inayotolewa pale. Nani hutembea nyumbani?

Plasta, ambaye kwa kila jambo alikuwa na neno, aligeukia ukuta.

"Mama Twiga," Nyoosha akasema, "nilikuita mwongo. Na mvivu. Hukudanganya, wala huna uvivu hata wa kope. Mimi ndiye sikukufungua. Ile amri ilikuwa ya siku chache tu."

Mama hakuelewa mara moja. Unaona kabisa maneno yanavyoingia moja moja na kutafuta pa kukaa. "Ina maana... angeweza kutembea? Nyumbani?"

"Angeweza. Alitakiwa. Magoti yamejikunja kwa kukaa, mama. Akishuka mgongoni mwako anakaa, akitoka kukaa anapanda mgongoni. Hakuna unyooshaji unaoweza kushindana na hilo."

"Tangu lini angeweza?"

Nyoosha akatamani asiulizwe. "Tangu zamani."

Mama Twiga akapeleka mkono nyuma, penye mfupa wa kiuno, akauacha hapo. "Tangu zamani," akarudia. Hakulia. Afadhali angelia.

Kesho yake Nyoosha akaenda nyumbani kwao. Ilikuwa chumba na nusu kwenye ua wa wapangaji, kamba za nguo za watu zimekatiza kila upande, bomba katikati, na mlango wenye kizingiti kilichoinuka hadi kimo cha goti la mtoto. Alikuja na moto. Alitaka kulipa miaka tisa kwa asubuhi moja.

"Haya, Twiga. Kutoka kitandani hadi bombani. Mama, wewe kaa hapo kwenye ndoo."

Twiga akainuka, mama akainuka naye.

"Mama, kaa."

"Nimekaa."

"Hujakaa, umechuchumaa. Kalia mikono yako."

Mama akakalia mikono. Wapangaji wakatoka kutazama. Twiga akavuka chumba vizuri, macho yanawaka, akafika kwenye kizingiti, akainua gongo la kwanza, la pili likanasa. Na hapo Nyoosha akaona jambo ambalo hakuwa amelitegemea. Mtoto hakujilinda. Hakuutoa mkono, hakugeuza uso, hakuliachia gongo. Alianguka kama gunia linaloshushwa na mtu mwenye hasira, uso mbele, na sauti ya meno kwenye saruji ikasikika ua mzima.

Mama Twiga alifika kabla ya yeyote. Damu ilikuwa inatoka mdomoni. "Si ulisema!" akapiga kelele, na yule mwanamke wa "ndiyo, daktari" hakuwepo tena. "Si ulisema atavunjika! Leo unasema abebwe, kesho asibebwe, unatuchezea? Mtoto wangu ni baiskeli ya mume wako?"

Akambeba mtoto mgongoni, akaingia ndani, akabamiza mlango. Nyoosha akabaki katikati ya ua, nguo mbichi za watu zikimdondokea kichwani. Bibi mmoja mpangaji akamwambia, "Mwanangu, nenda tu. Leo hapa huna kazi."

Akaenda. Njia nzima sauti ile ya meno ilikuwa masikioni, na iligonga mlango ambao hakujua kama upo. Miaka yote hiyo chumbani kwake mikono ilikuwa kiunoni mwa mtoto. Godoro chini, paipu kushoto, paipu kulia. Amemfundisha kusimama, kugeuka, kupanda ngazi isiyokwenda popote. Kuanguka hakuwahi kumfundisha. Mtoto asiye na mtu wa kumdaka, cha kwanza anachohitaji ni kujua kuanguka, naye alikuwa amemnyima hicho, akidhani anamhurumia.

Alimweleza mumewe. Fundi baiskeli akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi mteja akija na mtoto anayeanza kuendesha, simwulizi kama anajua pedeli. Namwuliza kama anajua breki." Kisha akaona mkewe analia, akamshika mkono.

Hakutarajia waje tena. Siku ya kliniki wakaja. Safari hii mama hakumshusha mtoto ukutani. Alipita naye getini mgongoni, korido yote mgongoni, hadi ndani, akamtua juu ya godoro jipya mbele ya kila mtu, makusudi kabisa. Mdomo wa Twiga ulikuwa na kigaga cheusi cha kidonda.

"Nimekuja kwa sababu yeye ndiye kataka," mama akasema. "Amelia siku zote hizi. Si mimi."

"Asante," Nyoosha akasema. "Leo hakuna kunyoosha. Leo tunaanguka."

"Unasema?"

Nyoosha aliomba magongo ya Twiga, akayapachika kwapani mwake, akiwa mwanamke mnene wa makamo mwenye koti jeupe, akapiga hatua mbili, akayatupa pembeni, akaanguka. Puu! Godoro likatoa pumzi. Viganja vilitangulia, viwiko vikakunjika, uso ukageukia bega.

"Mungu wangu," mama akasema.

"Tena!" Plasta akapiga makofi. "Hukuanguka vizuri, umeacha matako juu!"

Twiga alicheka hadi kigaga kikapasuka. Na ikawa zamu yake. Kwanza tupa magongo, yasije yakakuchoma. Toa mikono. Legeza viwiko. Geuza uso. Kisha jiviringishe, inuka kwa magoti, vuta gongo, simama. Alianguka vibaya, akaanguka ovyo, akaanguka vizuri. Mama alijifunika uso kwa mtandio, akachungulia kwa jicho moja, akajifunika tena, kila puu! ikimrusha kwenye benchi.

"Kuanguka nako kunafundishwa?" akauliza ndani ya mtandio.

"Kunafundishwa. Njoo na wewe."

"Mimi? Mimi sianguki."

"Ndiyo maana unamwogopea. Njoo."

Akaja. Akasimama ukingoni mwa godoro muda mrefu, mikono imeganda nyuma mahali pa kushikilia mapaja ya mtoto. Kisha akajiachia. Alipofika chini hakuinuka mara moja. Alilala pale, akanyoosha mgongo wake, Twiga akamlalia ubavuni, Plasta akasema, "Hawa wamepata hoteli," na hakuna aliyewaharakisha.

Kurudi nyumbani siku hiyo Twiga alitembea. Si njia yote, kipande cha mwisho, kutoka kwa muuza mkaa hadi uani. Watu walimsimamisha mama: "Mbona unamtembeza mtoto mgonjwa juani? Huna huruma?" Mmoja akamwita katili mbele ya macho yake. Alipita bila kujibu, ameuma meno, mikono imefungwa kifuani ili isimtoroke. Wiki kwa wiki kipande kikawa kirefu zaidi. Shuleni magongo yakaingia darasani. Usiku Twiga akafungwa vibao vya kunyoosha magoti alivyotengenezewa na Plasta, akalalamika kama mtu mzima. Daktari wa mifupa alipominya tena, goti halikuwa limenyooka, lakini lilikuwa limeacha kurudi nyuma. "Tungoje," akasema, na kwa mtu yule neno hilo lilikuwa pongezi. Mipira ya magongo ilianza kulika. Nyoosha sasa aliitazama kwanza kabla ya salamu.

Halafu ikaja simu. Ilikuwa mchana, Nyoosha ana kichanga kilicholala kifudifudi juu ya mpira mkubwa, mkono mmoja mgongoni kwake.

"Daktari! Mtoto hayupo!"

"Nani? Mama Twiga?"

"Hayupo! Nimekwenda kuanika nguo za watu uani kwa jirani, narudi, kitanda kitupu! Nimetazama chooni, nimetazama chini ya kitanda!" Alikuwa anakimbia, pumzi zinakatika. "Nilimwacha amekaa! Nikimwacha amekaa namkuta amekaa, miaka yote! Wamemwiba!"

Plasta akasogea, simu ikawekwa sauti kubwa.

"Mama, magongo yapo?"

"Magongo? Hayapo! Na magongo wameiba!"

Nyoosha na Plasta wakatazamana. "Mama, sikiliza. Mwizi wa mtoto hachukui magongo. Hajaibwa. Ameondoka."

"Ameondoka aende wapi? Hajawahi kuondoka!"

"Uliza watu."

Wakamsikia akiuliza. Wakasikia sauti ya mwanamume, "Binti wa magongo? Kapita hapa, kaanguka pale kwenye mtaro, nikataka kumwinua akanikatalia." Wakasikia mama anasema, "Akakukatalia?" kisha nyayo, mbwa, redio ya mtu, geti la bati. Kisha vicheko vya wasichana wengi, vikakatika kwa pamoja kama vinavyokatika mzazi anapotokea.

"Anapigwa?" Plasta akanong'ona.

Nyoosha akatikisa kichwa, asijue.

Ikaja sauti ya Twiga, ya kujitetea, "Tulikuwa tunasukana tu, mama."

Na sauti ya mama, kali, yenye kutetemeka, ya mwanamke aliyesimama mlangoni kwa watu na hajui kama acheke au achukue ufagio. Alisema maneno ambayo kila mama wa mtaa ule alimwambia mwanawe kila jioni, na yeye kinywani mwake yalikuwa mapya kabisa:

"Wewe! Nani kakupa ruhusa ya kutoka?"